Kapu la joto: kupika maharage kwa gesi bila kumaliza mtungi

Nyumba nyingi za Mwanza zina majiko mawili. Lipo la gesi, lenye mtungi mdogo wa kilo 6, linalotumika kuchemshia chai, kukaangia na kupikia wali, na lipo la mkaa linalokaa uani likisubiri siku ya maharage au makande. Ukimuuliza mama mwenye nyumba kwa nini hajaliacha hilo la pili, atakujibu bila kusita kwamba maharage hayapikwi kwa gesi, kwa sababu yatamaliza mtungi kabla mwezi haujafika katikati. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na kwa maoni yangu, nikiwa mwalimu wa sayansikimu ninayeingia jikoni kwa watu, kikwazo kikubwa baada ya bei ya mtungi wenyewe ni hiyo sufuria ya maharage. Makala haya yanaeleza kapu la joto, yaani tenga lililojazwa mito ya kuzuia joto lisitoke kwenye sufuria, chombo ambacho mtu mwenye sindano na uzi anaweza kukitengeneza nyumbani, na ambacho huyaivisha maharage kwa moto usiofika saa moja.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayokula gesi. Uso wa Ziwa Victoria uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji ya Mwanza huchemka yakiwa na nyuzi 96 hivi za sentigredi, si 100 kama ya Dar es Salaam au Tanga. Maharage yaleyale, kwa hiyo, huchelewa kidogo kuiva hapa kwetu kuliko pwani, na hakuna kosa la mpishi wala la muuzaji. La muhimu zaidi ni kwamba maji yakishaanza kutokota hayapandi joto tena, hata uyawashie moto wa namna gani. Moto wote unaozidi hapo huishia kuyageuza mvuke. Kuipasha lita moja ya maji ya kawaida hadi ichemke kunahitaji takriban kilojuli 300 za joto, ilhali kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,260 hivi, yaani zaidi ya mara saba. Kila unapofunua sufuria ya maharage na kuongeza maji kwa sababu ya kwanza yamekauka, fahamu kwamba sehemu kubwa ya gesi yako imekwenda kupasha joto dari ya jiko.

Maharage yenyewe hayahitaji mtokoto. Yanahitaji maji ya moto sana kwa muda mrefu, ili yanywe maji hadi ndani, wanga wake uvimbe na kile kinachoshikamanisha seli zake kilegee. Kazi hiyo inaendelea vizuri hata joto likishuka hadi nyuzi 85 au 80, mradi lishuke polepole. Ukiizuia sufuria iliyokwisha kuchemka isipoteze joto lake, maharage yataendelea kuiva pasipo moto wowote chini yake, kwa kanuni ileile ya chupa ya chai. Bibi mmoja wa Kisesa aliniambia mbele ya kikundi kizima, «Mwalimu, chakula kisichoona moto hakiivi,» na alikuwa na haki ya kutilia shaka, kwa kuwa hakuna anayeamini jambo hili mpaka afunue sufuria mwenyewe.

Wala si uvumbuzi wangu. Jiko la namna hii kutoka Norway lilionyeshwa kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1867, na wakati wa vita kuu zote mbili familia za Ulaya zilizokosa kuni na makaa ya mawe zilipikia katika masanduku yaliyojazwa nyasi kavu. Afrika Kusini nako, mwaka 2008, lilianza kutengenezwa begi la kitambaa la kazi hiyohiyo liitwalo Wonderbag. Sisi wa kanda ya ziwa tuna malighafi bora kuliko nyasi, na nyingine hutupwa.

Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia, na kitu chochote kikavu kinachoshika hewa katika vinafasi vidogo kitafaa. Pamba ingekuwa ya kwanza, kwa kuwa tumezungukwa na wakulima wake, lakini ina soko lake na haifai kuharibiwa kwa kujazia mito. Kama una godoro kuukuu la pamba au mto wa sufi, hiyo ni bahati, uupasue na kuuanika. Mashina makavu ya magugu maji nayo yana vinafasi vingi vya hewa, na wapo wanaoyasuka makapu mazuri, ila kuyakausha kunataka uvumilivu na yakibaki na unyevu huota ukungu. Mimi hupendekeza pumba za mpunga, kwa kuwa zimerundikana nje ya mashine za kukoboa na mara nyingi mwenye mashine hushukuru ukizichukua.

Hapa ni lazima kutofautisha pumba mbili ambazo watu huzichanganya. Ile laini ya unga unga, inayonunuliwa na wafugaji wa kuku, haifai kabisa: ina mafuta, huchacha baada ya muda, na itawaita wadudu na panya ndani ya jiko lako. Inayotakiwa ni ile ngumu, yaani ganda la nje la punje, lenye umbo la mtumbwi mdogo na linalokwaruza kidogo ukilisugua kiganjani. Ganda hili lina madini mengi ya silika, yaleyale ya kwenye mchanga, kiasi kwamba ukilichoma, karibu moja ya tano ya uzito wake hubaki kuwa majivu. Ndiyo maana haliozi upesi na wadudu hawalitamani. Lipepete kwanza kwenye ungo ukiwa upande upepo unakotoka na pua zikiwa zimefungwa kitambaa, kwa sababu vumbi lake linawasha, kisha lianike juani siku nzima.

Chombo cha nje kiwe tenga kama yale yanayoletea nyanya sokoni, au ndoo pana, au hata boksi gumu; umbo halina maana kubwa kuliko nafasi. Kati ya sufuria na ukuta wa tenga ibaki nafasi ya sentimita 10 pande zote, na juu pawe na mto wa sentimita 15, kwa kuwa joto hupenda kutorokea juu. Kwa hiyo chukua kwanza sufuria unayoitumia kila siku, uipime, ndipo ukatafute tenga; wengi hufanya kinyume na kuishia na kapu linalopwaya. Sufuria zetu hizi zisizo na mikono zina faida hapa, kwa sababu hakuna mpini wa kuacha upenyo, na mto hukumbatia chuma mpaka kwenye ukingo.

Kitambaa cha mito kiwe shuka la pamba lililofumwa kwa kubana, na kwa Mwanza utalipata Mlango Mmoja kati ya mitumba kwa bei ambayo haiwezi kumtisha mtu. Usitumie nailoni wala polista nyepesi mahali panapogusa sufuria, maana huweza kuyeyuka sufuria ikitoka motoni. Utashona mto mmoja wa duara wa chini, mito minne mipana ya kuzungushia pembeni, na mto mkubwa wa juu. Kila mmoja ushonwe mara mbili, kwa sababu pumba hupata njia kwenye tundu dogo la sindano na kuanza kumwagika kidogo kidogo kwenye chakula. Acha mdomo wa upana wa kiganja, jaza, kisha utikise na kuupiga mto hadi pumba zitulie, uongeze, halafu ufunge. Mto uliojaa sawasawa ukiubonyeza kwa ngumi unabonyea na kuacha alama. Ukiwa mgumu kama gunia la saruji umeujaza kupita kiasi, hauwezi kujipinda kufuata sufuria, na mapengo yatakayobaki yatakuwa madirisha ya joto. Ndani ya yote tandaza khanga kuukuu inayoweza kutolewa na kufuliwa, na chini ya sufuria weka kata ya kitambaa kinene.

Sasa upishi. Chambua maharage, yaoshe na kuyaroweka usiku kucha, kisha mwaga maji ya kurowekea. Weka maji mapya yanayoyapita maharage kwa vidole viwili tu, kwa kuwa ndani ya kapu hakuna mvuke wa kupotea. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, maana chakula kidogo hupoa upesi, na kwa familia ya watu wawili ni afadhali kutumia sufuria ndogo na kuongeza matambara pembeni. Chemsha kwa nusu saa kamili kwa mtokoto unaoonekana, sufuria ikiwa imefunikwa. Futa kitako, hakikisha hakuna kaa la moto lililonasa kama umetumia mkaa, na uingize sufuria kapuni mara moja bila kufunua kifuniko. Funika kwa mto wa juu, ukandamize pembeni, na uache kwa saa nne. Mama anayekwenda mwaloni Kirumba alfajiri kununua dagaa anaweza kuyaweka saa kumi na moja na kuyakuta yameiva akirudi saa tatu. Harage lililoiva hupondeka kati ya kidole gumba na cha shahada bila kuacha kiini kigumu. Likibaki na kiini, rudisha sufuria motoni ichemke dakika kumi, kisha irudi kapuni.

Hiyo nusu saa ya mwanzo haina mjadala, hasa kwa maharage mekundu. Maharage mabichi yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini, inayosababisha kutapika na kuharisha, na mtokoto huiharibu, lakini joto la nyuzi 75 haliiharibu vya kutosha. Mtu atakayeingiza kapuni maharage yaliyochemka dakika tatu kwa tamaa ya kuokoa gesi atakuwa anajitafutia safari ya zahanati. Wengine hutaka kufupisha muda kwa magadi; ni kweli hulainisha haraka, ila huharibu vitamini B1, na kapu linaondoa sababu ya kuyatumia.

Jambo la pili la usalama ni kwamba kapu si kabati la kuhifadhia chakula. Zipo bakteria ambazo mbegu zake hustahimili kuchemshwa na kuamka joto likishuka chini ya nyuzi 60, na kwa wali hasa kuna Bacillus cereus, ambayo sumu yake haiondoki hata ukiupasha upya. Kwa hiyo wali utolewe na kuliwa baada ya saa moja, na chakula kingine chochote kisikae kapuni zaidi ya saa sita bila kuchemshwa tena. Kama una kipimajoto, lijaribu kapu jipya kwa maji matupu: sufuria iliyojaa maji yaliyochemka ikikaa saa nne na kubaki juu ya nyuzi 70, kapu ni zuri. Ikiwa chini ya hapo, tatizo karibu kila mara liko kwenye mto wa juu.

Si kila kitu kinafaa. Ugali unataka mwiko, sato hupasuka akikaa sana, na dagaa hawana haja. Mlenda na mchicha huiva upesi mno kiasi kwamba kapu litaviharibu. Kwa upande mwingine makande hutoka vizuri kuliko ya mkaani kwa kuwa hayashiki chini, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa, huvimba taratibu bila kumeng'enyuka. Mimi huichemsha dakika kumi na tano, naikoroga na karanga zilizotwangwa, na kuiacha kapuni saa moja na nusu. Uji wa ulezi wa mgonjwa au wa mtoto hukaa na joto muda wa kutosha hata mama akachelewa sokoni, lakini nao ufuate sheria ileile ya saa sita.

Utunzaji ni mwepesi kuliko utengenezaji. Mito ianikwe juani kila wiki, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, itolewe nje kila jua linapochomoza, maana mvuke wa sufuria huingia kwenye pumba na pumba yenye unyevu hupitisha joto. Mto ukianza kunuka ukungu, tupa pumba, fua kitambaa na ujaze upya.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanaume ni kuhusu makongoro, na jibu ni kwamba yanawezekana, ila kwa hatua mbili. Chemsha kwa saa moja, weka kapuni saa nne, yachemshe tena robo saa, kisha uyarudishe kwa saa tatu. Usiengue mafuta yanayoelea hadi mwisho, kwa sababu nayo yanauzuia mvuke kupanda.