Kundi la anwani kwenye fayawoli halizuii mtu

Jamani hili neno "kundi la anwani" la kwenye fayawoli (kichujio cha mawasiliano ya mtandao) naona linatumika ovyo sana, mtu anakuambia "hiyo IP nishaizuia, nimeitia kwenye kundi la wabaya" halafu ukifungua sheria zake, yaani maagizo ya fayawoli ya kuruhusu au kuzuia, hilo kundi halijatajwa popote. Sasa amezuia nini?

Kundi la anwani ni orodha ya IP (namba za kompyuta mtandaoni) iliyopewa jina, ili sheria itaje jina badala ya kurudia namba moja moja. Basi. Kila fayawoli ina jina lake: pfSense wanaliita alias, nftables ni set, pf ya OpenBSD ni table, kwa Cisco object-group, kitu ni kilekile.

Mimi hilo la alias ndo nalipenda maana linasema ukweli. Ni Kilatini, kama kusema "vinginevyo", na sisi neno letu tunalo toka zamani, lakabu, tulilitoa kwenye Kiarabu. Sasa lakabu si ni jina tu? Ukimpa mtu lakabu ya Mwizi hujamfunga. Na hapa ni hivyohivyo, kwenye Linux nikiandika `ipset add wabaya 203.0.113.7` (ipset ndo inatunza makundi) nimemwandika daftarini, mlango bado uko wazi, mpaka iptables, yaani fayawoli yenyewe, iwe na sheria yenye `-m set --match-set wabaya src -j DROP` ndo pakiti zake (vipande vya data anavyotuma) zinatupwa. Na hiyo sheria ikae juu kabisa, kwa sababu iptables inasoma toka juu kwenda chini, na wengi wetu mwanzoni tumeweka ile ya kuruhusu miunganisho ya ESTABLISHED (iliyokwisha kuanza), kwa hiyo aliyekuwa ndani tayari anaendelea kupeta tu kama sheria yako iko chini yake, labda umkate kwa kufuta kumbukumbu ya muunganisho wake, `conntrack -D -s 203.0.113.7`.

Tena kundi hilohilo linaweza kutumika kuruhusu. Kundi la mafundi unalitaja kwenye sheria inayofungua porti 22 (ya SSH, kuingia seva kwa mbali), unalitaja tena kwenye nyingine inayofunga porti 25 (ya barua pepe), orodha haijaguswa. Lingekuwa lenyewe ndo linazuia hayo yangewezekanaje?

Na sio sabneti (kipande cha mtandao) pia, hilo nalo nalisikia. 203.0.113.0/24 ni anwani 256 zinazofuatana, mipaka yake inatoka kwenye biti za anwani yenyewe. Kundi halijali ujirani, unatia seva tatu za mitandao mitatu tofauti, hata sabneti nzima unaitia humo kama set ya ipset uliiunda kwa hash:net, aina inayopokea mitandao.

Kwa hiyo ndugu yangu, badala ya "nimeizuia" sema "nimeiongeza kwenye wabaya, na wabaya wanazuiwa na sheria ya 2", maana hiyo ya 2 mwenzako akipiga `iptables -L INPUT -n --line-numbers` anaiona, na kama haipo mtajua hapohapo.