Spidi ya gurudumu unamficha nani?

Mainjinia wa magari wanaokuja kwangu kujifunza kriptografia huanza na swali moja: data tuisimbe kwa njia gani? Huwarudishia swali: spidi ya gurudumu unamficha nani? Hata abiria anaona kwenye dashibodi gari linakwenda kasi gani. Kompyuta ya breki haitaki siri. Inataka kujua kama ujumbe umetoka kweli kwenye sensa, au kuna mtu kauchomeka njiani.

CAN, mtandao wa nyaya mbili uliozinduliwa na Bosch mwaka 1986, haujui hilo. Ujumbe wake hubeba namba ya aina ya habari, haubebi uthibitisho wa mtumaji. Aliyeufikia waya anaaminika. Mwaka 2023 mtafiti wa usalama wa magari, Ken Tindell, alieleza wizi wa Toyota RAV4 ya mtafiti mwenzake, Ian Tabor, jijini London. Kifaa cha wizi wa aina hiyo, kilichofichwa ndani ya kasha la spika ya Bluetooth, huunganishwa kwenye waya wa taa ya mbele, kisha hutangaza kwamba ufunguo halali upo. Gari linakubali!

Dawa ni kuutia kila ujumbe muhuri uliokokotolewa kwa ufunguo wa siri, yaani namba ambayo kompyuta za gari pekee zinaijua. Hapa ndipo darasa huchangamka, maana muhuri wa AES-CMAC, njia mojawapo ya kuukokotoa, ni baiti 16 (kila baiti ni biti 8) na ujumbe wa CAN ya zamani hubeba baiti 8 tu. Mojawapo ya mipangilio ya AUTOSAR, viwango vya pamoja vya programu za magari, huukata muhuri ubaki biti 24, ikaongeza biti 8 za kihesabio, namba inayopanda kwa kila ujumbe. Data inabakiwa na baiti 4.

Lazima atokee wa kulalamika kwamba biti 24 ni kidogo. Tunapiga hesabu ubaoni: mihuri 16,777,216. Mwizi akibahatisha mara 100 kwa sekunde, kuimaliza yote ni karibu saa 47, na akipatia amepata ujumbe mmoja tu. Kwa breki, inayosubiri ujumbe mpya kila baada ya milisekunde chache, haumfikishi mbali. Kwa kufungua mlango, mmoja unatosha, kwa hiyo hapo nawaambia waongeze biti.

Kihesabio nacho kina vituko vyake. Bila hicho, ujumbe ulionaswa leo utarudiwa kesho na muhuri wake halali. Lakini fundi akichomoa terminali ya betri, kompyuta zote zinapaswa kukubaliana upya zimefika namba ngapi. Wengi hulisahau hilo hadi gari la majaribio ligome kuwaka.

Kuhusu funguo sina mjadala: kila gari na zake. Ukiweka ufunguo mmoja kwa modeli nzima, atakayeuchimbua kwenye kontrolboksi (kompyuta ya gari) iliyonunuliwa skrepa ameyapata magari yote. Gharama yake inawaangukia mafundi wetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaofunga kontrolboksi za mitumba: boksi ni zima, waya ni mzima, ila mihuri yake inakataliwa mpaka mwenye kibali cha mtengenezaji aingize funguo mpya.