Tanuru halizimwi: saa 12 za wafanyakazi wa chuma wa Pittsburgh

Mwaka 1910, ungemuuliza meneja wa kiwanda cha chuma jirani na Pittsburgh, Marekani, kwa nini watu wake wanashinda kazini saa 12, jibu lingekuwa fupi: tanuru halizimwi. Sisi tunaoshughulika na usalama na afya kazini hulisikia jibu hilo hadi leo, kwa hiyo tulipime.

Kwa upande wa tanuru, ni kweli. Tanuru la kuyeyusha madini ya chuma hulishwa kwa juu madini yenyewe, makaa ya koki na mawe ya chokaa, hupulizwa hewa ya moto kwa chini, na huwaka usiku na mchana kwa miezi, hata miaka. Likiachwa lipoe na mzigo tumboni, chuma huganda humo humo na kulichimbua ni balaa. Lakini hiyo ni habari ya tanuru. Haituambii binadamu mmoja akae mbele yake kwa muda gani. Zamu mbili za saa 12 hulifanya liwake siku nzima, na zamu tatu za saa 8 hulifanya liwake vile vile. Kinachobadilika ni idadi ya watu wa kulipwa.

Na zamu tatu zilishajaribiwa. Kiwanda cha Edgar Thomson, mali ya Andrew Carnegie, kilifunguliwa mwaka 1875 mjini Braddock, kando ya mto Monongahela. Msimamizi wake, William Jones, aliyekuwa maarufu kwa jina la Kapteni Bill, aliamini kwamba mwili wa mtu hauwezi kufanya kazi nzito saa 12 mfululizo na ukabaki na akili timamu, akawaweka watu wake kwenye saa 8. Kiwanda kiliongoza kwa uzalishaji. Hata hivyo, mwaka 1888, baada ya mvutano mkali na wafanyakazi, Carnegie alirudisha saa 12. Washindani wake walikuwa wakizitumia, naye hakutaka kulipa zamu ya tatu peke yake. Mwaka uliofuata Jones mwenyewe alikufa kwa majeraha ya mlipuko wa tanuru, kwenye kiwanda hicho hicho.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Kabla ya enzi ya chuma cha pua (kwa Kiingereza, steel), mfalme wa karakana alikuwa fundi mkorogaji. Alisimama mbele ya kidirisha cha tanuru dogo, akakoroga chuma kilichoyeyuka kwa fimbo ndefu ya chuma ili hewa na moto viunguze kaboni iliyomo. Kadiri chuma kilivyosafika ndivyo kilivyozidi kuwa kizito, kama ugali unaokaribia kuiva, mpaka akakigawa katika mabonge ya moto mweupe na kuyatoa moja moja. Alijua kwa jicho na kwa mkono kwamba kimeiva. Hakuna meneja aliyeweza kumfundisha, na ndiyo maana alikuwa na sauti kwenye mazungumzo ya ujira.

Kisha ikaja mitambo ya mvumbuzi Henry Bessemer, aliyepata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, Uingereza mwaka 1856. Hewa inapulizwa kwa nguvu ndani ya chuma kilichoyeyuka, na kwa dakika 15 au 20 hivi tani kadhaa zimekuwa chuma cha pua. Mkorogaji akapungua thamani. Palipohitaji fundi mmoja wa miaka mingi sasa palihitaji vibarua wengi: wa kusukuma matoroli ya madini, wa kutoboa udongo uliozibia tundu la tanuru ili chuma kitiririke kwenye mifereji ya mchanga, wa kuvunjavunja na kubeba kilichopoa, wa kuondoa mavi ya chuma, yaani takataka zinazobaki chuma kikiyeyushwa. Wengi walikuwa wahamiaji wapya, Waslovakia, Wapolandi na Wahungari, waliotoka mashambani. Mfereji wa mchanga ukiwa na unyevu, chuma kikiugusa hulipuka. Hilo mgeni hujifunza kwa kuambiwa katika lugha anayoielewa, au kwa kuungua.

Sasa tuangalie zamu. Vikosi vilikuwa viwili, cha mchana na cha usiku, vikibadilishana kila wiki au wiki mbili. Ili vibadilishane bila kulisimamisha tanuru, Jumapili ya kubadilishana kikosi cha mchana kiliingia asubuhi na hakikutoka jioni. Kilikaa mpaka Jumatatu asubuhi, saa 24 kamili, kikaenda kulala na kurudi jioni hiyo hiyo kuanza wiki ya usiku. Wenzao ndipo walipopata siku yao moja ya mapumziko. Kwa kulinganisha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 12 kuwa ukomo wa siku, saa za ziada zikiwemo, na inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku. Fikiria saa ya ishirini ya zamu ile, mtu amesimama juu ya mfereji wa chuma kinachotiririka.

Nyumbani nako kuliishi kwa zamu. Mtafiti Margaret Byington, aliyechunguza familia za mji wa viwanda wa Homestead, jirani na Pittsburgh, mnamo 1907 na 1908, alikuta kibarua wa kawaida akilipwa senti 16.5 kwa saa, yaani dola 1.98 kwa siku ya saa 12. Hazikutosha kulea familia, kwa hiyo nyumba nyingi za wahamiaji zilichukua wapangaji waliolala kwa kupokezana: anayetoka usiku anakuta kitanda bado kina joto la aliyeondoka asubuhi. Mama mwenye nyumba aliwapikia wote, akawafulia, akachota maji uani. Kwenye daftari la mishahara la kiwanda hakuwemo, ilhali bila yeye senti 16.5 zisingeweza kumweka mtu hai.

Miaka hiyo hiyo mwanasheria Crystal Eastman alihesabu vifo vya kazini katika kaunti ya Allegheny, yenye Pittsburgh ndani yake. Kuanzia Julai 1906 hadi Juni 1907 vilikuwa 526, vikiwemo vya viwanda vya chuma, reli na migodi. Zaidi ya nusu ya familia za wanaume waliokuwa na wake hazikupata kwa mwajiri zaidi ya dola 100. Sheria ilimtaka mjane ashtaki, naye alishindwa ikithibitika kwamba marehemu alizembea, au aliyezembea ni mfanyakazi mwenzake, au kwamba marehemu aliijua hatari na akaendelea na kazi. Kwa kipimo hicho, nani angeshinda? Pennsylvania, jimbo lenye Pittsburgh, ilipata sheria ya fidia kwa wafanyakazi mwaka 1915.

Wafanyakazi hawakukaa kimya. Mwaka 1892 pale Homestead, msimamizi wa mali za Carnegie, Henry Clay Frick, aliwafungia nje baada ya mkataba kwisha. Wanachama wa chama cha mafundi walikuwa 800 hivi kati ya watu wapatao 3,800, ila vibarua wasio wanachama waliungana nao. Tarehe 6 Julai walinzi 300 wa kampuni ya Pinkerton waliletwa kwa matishari mtoni, risasi zikarushwa siku nzima, wakafa watu wasiopungua 10 wa pande zote mbili. Gavana akatuma wanajeshi wa jimbo zaidi ya 8,000. Kufikia Novemba mgomo ulikuwa umevunjika, na chama kikatoweka Homestead kwa miaka zaidi ya 40. Carnegie aliujengea mji huo maktaba nzuri, iliyofunguliwa mwaka 1898. Ya Braddock ilikuwa na mabafu chini, ambayo kwa maoni yangu yalimfaa zaidi mtu aliyetoka zamu ya saa 12.

Septemba 1919 waligoma tena, safari hii wapatao 300,000 au zaidi katika majimbo kadhaa. Walidai saa 8, siku moja ya mapumziko katika saba, na zamu ya saa 24 ifutwe. Mgomo ukiwa umepamba moto, wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Washington kwenye mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani na kupitisha mkataba wake namba moja: saa 8 kwa siku. Kwa kazi zisizoweza kusimama, tanuru likiwa mfano wake mkuu, waliruhusu wastani wa saa 56 kwa wiki, yaani zamu tatu. Mtu wa tanuru wa Pittsburgh alikuwa akifanya 84. Marekani haikuwa mwanachama, na Januari 1920 mgomo ukaisha mikono mitupu.

Miaka mitatu na ushei baadaye, Rais Warren Harding alipoibana U.S. Steel, kampuni kubwa iliyorithi viwanda vya Carnegie, Agosti 1923 ikaanza kuhamia saa 8. Kiwango cha saa kilipandishwa kwa asilimia 25, hivyo saa 8 mpya zikalipa sawa na saa 10 za zamani. Kibarua alipungukiwa ujira wa saa mbili kila siku, akapata saa nne za kwake. Matanuru yaliendelea kuwaka.