Kwa nini nazi ina macho matatu, na mawili kati yake ni vipofu?

Chukua nazi iliyofuliwa, ng'oa nyuzi za kumbi zilizobaki upande wa kikonyo, na sura itakutazama: macho mawili na mdomo ulioachama. Mabaharia wa Kireno waliiona sura hiyo hiyo wakaiita coco, jina la zimwi la kutishia watoto kwao.

Sasa chukua msumari. Matundu mawili yatagoma, maana ni magumu sawa na kifuu chenyewe. La tatu linapenya bila jasho. Mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kutumwa nazi dukani analijua jicho hilo: unatoboa, unakunywa maji njiani, ukifika nyumbani unamsingizia mwenye duka kwamba kauza nazi kavu.

Lakini kwa nini yawe matatu, ilhali moja tu ndilo lenye kazi?

Jibu liko juu mnazini, mwaka mzima hivi kabla nazi haijakomaa. Karara, yaani ganda linalofunika maua machanga, linapopasuka hutoa panda lenye maua mengi madogo ya kiume, na chini kwenye mashina ya vitawi vyake maua machache ya kike, ya mviringo kama vifungo vikubwa vya koti. Ndani ya ua la kike mna ovari, yaani kifuko cha uzazi, yenye vyumba vitatu vilivyoungana, kila kimoja na kijiyai chake. Kijiyai kimoja ndicho kinachoendelea na kuwa mbegu, viwili hufa mapema kabisa. Kila chumba, hata kile kilichokufa, huacha alama ya mlango wake kwenye kifuu. Kwa hiyo yale macho mawili vipofu ni milango ya ndugu wawili ambao hawakuzaliwa.

Na kwa nini vyumba vitatu, si vinne wala vitano? Hapo tunaingia kwenye ukoo. Mnazi ni monokotiledoni, yaani mmea ambao mbegu yake ina ghala moja, tofauti na harage linalogawanyika mapande mawili ukilimenya. Ukoo huu ulijitenga na mimea mingine ya maua zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na leo una spishi zaidi ya 60,000: mpunga, mahindi, muwa, mgomba, kitunguu, tangawizi, mkonge, okidi. Maua yao mengi hujipanga kwa hesabu ya tatu. Ua la mnazi lina petali, yaani vijani vya ua, tatu kwa tatu, na la kiume lina stameni, yaani vijiti vya chavua, sita.

Huniamini? Menya ndizi, ikate kipande, kisha ibonyeze katikati kwa kidole. Itapasuka mapande matatu, kila pande ni chumba kimoja cha ua la mgomba. Halafu kata papai kwa upana uhesabu kona za uwazi wa katikati. Ni tano, kwa kuwa mpapai si wa ukoo huu. Ila usiifanye tatu kuwa sheria: ua la mstafeli nalo lina petali tatu kwa tatu, na mstafeli si monokotiledoni.

Mmoja wa ndugu wa karibu wa mnazi barani Afrika ni mchikichi, huu wa mawese ya Kigoma na Kongo. Wote wawili wana kromosomu 32, na kokwa la chikichi nalo lina vitundu vitatu. Tofauti ni kwamba kwa mchikichi wale ndugu hawafi kila mara: ukivunja kokwa unaweza kukuta viini viwili, hata vitatu.

Mchikichi umetufunulia jambo jingine kuhusu kifuu. Kuna michikichi yenye kokwa la kifuu kinene, iitwayo dura, na mingine isiyo na kifuu kabisa, pisifera, ambayo mara nyingi haizai vizuri. Mwaka 1941 watafiti Beirnaert na Vanderweyen, waliofanya kazi Yangambi huko Kongo, walionyesha kwamba ukipandisha hizo mbili unapata tenera: kifuu chembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Yote hayo ni kazi ya jeni moja. Mwaka 2013 jeni hiyo ilitambuliwa, na kumbe ni ya kundi lile lile la jeni zinazoliagiza ua wapi pawe petali, wapi stameni, wapi kijiyai. Yaani ugumu wa kifuu nao ni habari ya ua.

Turudi kwenye lile jicho laini. Chini yake, ndani ya nyama, kimejificha kiini cha mche, kidogo sana ukilinganisha na nazi yenyewe. Nazi ikikaa miezi kadhaa mahali penye unyevu, chipukizi hutokea hapo. Ile ghala moja ya mbegu tuliyoitaja kwenye habari ya ukoo haitoki. Inabaki ndani, inavimba na kujaza uwazi wote wa nazi, ikinyonya maji na nyama na kuulisha mche. Ukipasua nazi iliyoota utaikuta: donge jeupe, jepesi kama sifongo, tamu, ambalo watoto huligombea. Hilo donge, kwa hesabu ya wanabotania, ni jani. Jani la kwanza la mnazi, na halionji jua hata siku moja.