Mwembe haukuuliwa na kigong'ota

Babu jirani yangu hapa Bwiru, Mwanza, ana mwembe mkubwa ulioota katikati ya mawe, na matawi yake ya upande wa ziwani yamekauka. Kila alfajiri, ndege kigong'ota huugonga: ko-ko-ko-ko! Naye Babu hutoka na manati. "Mwanangu, huyu ndiye aliyeniulia mti."

Ndiyo dhana ninayoisikia kuliko zote, na imegeuza mambo kichwa chini. Kigong'ota huja mti ukiwa umeshabunguliwa, maana chakula chake ni mabuu ya mbawakawa na wadudu wengine wanaojificha chini ya gome. Siku moja nikamwomba Babu tusimame tu tutazame. Ndege aligonga mara mbili, akapanda kidogo huku mkia wake mgumu umemwegemeza kwenye shina, akagonga tena, kisha akang'ang'ania palepale. Gome likadondoka. Nyuma yake kulikuwa na vijia vilivyojaa unga laini wa mbao. Mdomo wa ndege hauachi unga ule, huacha vibanzi. Babu akaugusa kwa kidole, kimya.

Wengine hudhani kila anapogonga anakula. Ule mlio wa mfululizo, wa haraka kama ngoma, ni salamu kwa mwenza au onyo kwa wapinzani: hapa pana mwenyewe. Tawi kavu hulipenda kwa sababu linavuma.

Halafu kuna hili la fuvu lenye sponji ya kumeza kishindo, ambalo hata wasomi hulirudia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulichunguza video za kasi za vigong'ota wakigonga, ukakuta fuvu halipunguzi kitu. Kichwa ni nyundo. Na nyundo yenye godoro ingepigilia nini? Ubongo wake husalimika kwa kuwa ni mdogo mno.

Mti mkavu nao huitwa kuni tu. Kumbe ndimo kigong'ota anamochimba tundu la kutagia, na akihama huingia wasioweza kuchimba: kwezi, bundi wadogo, hata nyuki. Kisiwani Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria, hifadhi ya taifa tangu 1977, kukata miti ni marufuku, kwa hiyo wapangaji hawa hawakosi nyumba.

Babu amekata tawi moja tu, lililokuwa linaning'inia juu ya bati. Yaliyobaki yana matundu mawili, na moja limeshachukuliwa na kwezi.