Kwa nini pikipiki za mbio hutumia tairi kipara, na bodaboda akiwa nalo ni kosa?

Jumapili moja mchana, kwenye kijiwe kimoja karibu na stendi ya Nane Nane hapa Dodoma, vijana wanne walikuwa wamebanana kwenye simu moja wakiangalia marudio ya mbio za MotoGP. Pikipiki zinalazwa kwenye kona mpaka goti na kiwiko vya dereva vinakwangua lami. Kamera ikasogea, tairi la nyuma likajaa kioo kizima: jeusi, laini, halina hata mfereji mmoja. Mmoja wao akageuka na kuniuliza kana kwamba mimi ndiye niliyelitengeneza: "Kaka, mbona hawa wanakimbia na kipara na hawaanguki? Mimi juzi trafiki kaniandikia faini kwa kipara hichohicho."

Si kipara hichohicho, ila swali lake ni zuri kuliko alivyodhani. Wengi wetu tunaamini kwamba mifereji ya tairi, au meno kama wengine wanavyoita, ndiyo inayoshika barabara kama kucha za paka. Kwenye vumbi, tope na changarawe kuna ukweli hapo, kwa sababu meno yanachimba na kupata pa kujiegemeza. Kwenye lami kavu hakuna cha kuchimba. Kinachoshika pale ni mpira wenyewe, na kila mfereji ni mahali ambapo mpira umetolewa. Mifereji iko pale kwa ajili ya maji tu. Waandaaji wa mbio wakishajua mvua hainyeshi, hawana sababu ya kuipunguzia pikipiki mpira unaogusa lami. Ikinyesha, madereva wanarudi ndani kuchukua pikipiki nyingine iliyofungwa matairi yenye mifereji.

Sasa mpira unashikaje? Piga picha ya eneo lenyewe kwanza. Pikipiki yako, wewe, abiria na ndoo ya zabibu mnasimama juu ya vipande viwili vya mpira, kila kimoja kama kiganja cha mkono. Cha mbele, ukiwa peke yako, kinakaribia ukubwa wa kadi ya NIDA. Breki, kona na mwendo wako wote vinapita hapo.

Na lami si laini kama inavyoonekana ukiwa umesimama. Iname uitazame kwa karibu: ni kokoto zilizoshikiliwa kwa bitumeni, na kila kokoto ina ncha zake. Uzito wa pikipiki unapougandamiza mpira, kokoto zinazama ndani yake kama kidole gumba kinavyozama kwenye tonge la ugali wa moto. Tairi likijaribu kusogea, mpira unapanda upande mmoja wa kila kokoto na kushuka upande wa pili. Ila mpira ni mvivu. Ukishabonyezwa haurudi papo hapo, unachelewa kidogo, kwa hiyo unaisukuma kokoto kwa nguvu zaidi upande unaopanda kuliko upande unaoshuka. Tofauti hiyo, ikizidishwa kwa maelfu ya vincha vilivyo chini ya kile kiganja, ni sehemu moja kubwa ya mshiko. Sehemu nyingine ni kunatana kwenyewe: chembe za mpira zinagusana na jiwe kwa ukaribu mno, zinashika, zinavutika, zinaachia, zinashika tena.

Ndiyo maana joto lina maana kubwa. Mpira wa baridi ni kama ugali kiporo: unaukandamiza haubonyei, unakaa juu ya ncha za kokoto bila kuzikumbatia. Matairi ya MotoGP hufunikwa kwa blanketi za umeme kabla ya mbio mpaka yafike karibu nyuzi 90, na dereva akitoka na tairi lililopoa anaweza kuanguka kwenye kona ya kwanza. Joto likizidi sana nalo ni tatizo: mpira unavimba malengelenge na kuchanika vipande.

Kuna jambo lililonishangaza mimi mwenyewe nilipolisoma mara ya kwanza. Tairi haliwezi kushika bila kuteleza kidogo. Ukivuta mafuta, tairi la nyuma linazunguka haraka kidogo kuliko barabara inavyopita chini yake. Ni asilimia chache tu, huwezi kuiona wala kuisikia, lakini ni mteleze huo unaouvuta mpira na kuufanya usukume. Ukifunga breki ni kinyume chake, gurudumu linazunguka pole kidogo kuliko mwendo. Kwa hiyo kila mara tairi linaposhika, linasuguliwa, na kila linaposuguliwa linaacha chembe zake barabarani. Kushika na kuisha ni kazi moja. Hakuna anayekuuzia tairi linaloshika kama gundi na kudumu miaka mitatu. Akikwambia lipo, muulize yeye amefunga lipi.

Mbio za MotoGP zinaonyesha bei hiyo ilivyo kali. Mbio moja ni karibu nusu ya njia ya kutoka hapa kwenda Morogoro, pungufu ya saa nzima, na tairi laini likimaliza hapo limemaliza kazi yake duniani. Mwaka 2013 kule Phillip Island, Australia, hata nusu hiyo haikufika. Uwanja ulikuwa umemwagwa lami mpya, ikashika vizuri kupita matarajio, na kwa sababu ilishika sana matairi yakapata moto na kuharibika kabla ya wakati. Waandaaji wakapunguza mizunguko kutoka 27 hadi 19 na kuamuru kila dereva abadilishe pikipiki njiani, asizidishe mizunguko 10 kwenye tairi moja. Dereva Marc Márquez akachelewa kuingia kubadilisha kwa mzunguko mmoja, akaondolewa kwenye mbio hizo. Lami nzuri ndiyo iliyoleta balaa lote hilo.

Mtengenezaji wa tairi la bodaboda anajua mteja wake hawezi kununua tairi kila Jumapili. Kwa hiyo anachanganya mpira mgumu zaidi, usiobonyea sana na usioisha haraka. Mambo ya kuuchanganya mpira yana historia ndefu. Mpira mbichi wa mti unanata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi, mpaka Mmarekani Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba ukiupika pamoja na salfa, nyuzi zake zinafungana na unatulia. Baadaye yakaongezwa masizi, ndugu wa yale yanayoganda kwenye sufuria ya kuni, na hayo ndiyo yanayolifanya tairi liwe jeusi na lisimalizike upesi. Mpira wenyewe kwa asili si mweusi hata kidogo.

Turudi kwa kijana wetu na kipara chake. Tairi la mbio ni kipara kwa kuzaliwa: mpira mpya, laini, wa moto, kwenye uwanja uliofagiliwa. Lake ni kipara kwa uzee. Mpira laini haukuwepo tangu mwanzo, na uliobaki umekaushwa na jua na hewa ukazidi kuwa mgumu. Halafu ni mwembamba. Kwenye njia za vumbi za Nkuhungu au Nzuguni, mwiba wa mgunga ambao ungeishia kwenye meno ya tairi jipya unapita moja kwa moja hadi kwenye tyubu, na tyubu ikitoboka ukiwa kwenye mwendo upepo hautoki taratibu.

Ila mtihani wenyewe ni mvua. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi yote iliyobaki barabara inakusanya vumbi, mafuta yanayodondoka kwenye malori na chembe za matairi ya kila mtu. Manyunyu ya kwanza hayatoshi kuviosha, yanavikoroga tu. Wagogo wakubwa kwa wadogo wanaujua mlenda, na sina mfano mwingine bora: lami ya mvua ya kwanza ni mlenda uliomwagwa barabarani. Maji hayabonyei kama mpira, lazima yapate pa kwenda ili mpira uifikie kokoto. Kwenye tairi zima yanaingia kwenye mifereji na kutupwa pembeni. Kwenye kipara yanabaki katikati, na dereva anagundua hilo akishika breki mbele ya kipilefti.

Wapo wanaokwepa gharama kwa kuchonga mifereji upya kwa kisu cha moto. Tairi linapendeza kwa mbali, lakini mpira uliokuwa mwembamba umechimbwa tena ukaribie nyuzi za ndani. Mimi ningechukua kipara kisichochongwa kabla ya hilo, na kipara chenyewe sikitaki.

Hebu liangalie tairi la nyuma la bodaboda yoyote: limeisha katikati, mabega bado yana meno. Hilo linatokana na barabara zetu. Kutoka mjini kwenda Mji wa Serikali Mtumba, au ukishika njia ya Singida, unaweza kwenda mwendo mrefu bila kulaza pikipiki kwa maana yoyote, na muda wote huo ni ule ukanda wa katikati unaosukuma. Tairi la pikipiki huundwa mviringo ili lilale kwenye kona bila kupoteza eneo la kugusa. Likishakuwa bapa linapata pembe, kama ukingo wa meza, na ukiingia kona unausikia: pikipiki inakataa kulala, inakataa, kisha inaanguka ghafla upande mmoja. Wengi huilaumu fremu au beringi za usukani.

Mzigo nao unachangia. Ubavuni mwa tairi la nyuma la kawaida la 3.00-18, yaani upana wa inchi 3 kwa ringi ya inchi 18, mara nyingi utaona pia alama kama 52P. Hiyo 52 maana yake tairi hilo linabeba kilo 200 zisizozidi, na P ni kasi ya mwisho ya kilomita 150 kwa saa. Piga hesabu ya mshikaki: pikipiki kilo 115 hivi, dereva na abiria wawili karibu kilo 200, na sehemu kubwa ya uzito inaangukia nyuma. Umeshafika ukingoni kabla hujafunga gunia. Upepo ukiwa mdogo juu ya mzigo huo, tairi linajikunja na kujinyoosha kila mzunguko, linapata moto na kumalizika mabegani. Ukiwa mwingi kupita kiasi linavimba na kuisha katikati. Kulibonyeza kwa kidole gumba hakupimi chochote. Fundi mwenye geji yupo karibu kila mtaa.

Tairi la mbele lina hadithi yake. Lipapase kwa kiganja ukielekea mbele, kisha rudisha nyuma. Upande mmoja ni laini, upande mwingine kingo za meno zinakukwaruza, kama kumpapasa perege wa Mtera kinyume cha magamba. Hizo kingo ni kazi ya breki, kila jino limekuwa likivutwa upande mmoja. Ukikuta tairi la mbele halina mikwaruzo hiyo na la nyuma lina madoa bapa, mwenye chombo anaiogopa breki ya mbele. Ni uoga wa bure uliojaa vijiweni. Ukifunga breki uzito unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, linajifunga na kuburuzwa. Linaisha bila hata kukusimamisha vizuri.

Nilimwambia kijana aangalie kitu kimoja zaidi, kwa sababu hakuamini. Uwanja wa Sachsenring nchini Ujerumani una kona 10 za kushoto na 3 tu za kulia, hivyo matairi ya mbio huwekewa mpira mgumu upande wa kushoto na laini kulia, ambako hakupati moto. Sisi ni kinyume, kwa kiasi kidogo. Tunaendesha kushoto, na barabara imeinuliwa katikati ili maji yashuke kandoni. Pikipiki iliyosimama wima juu ya mteremko huo inagusa lami kulia kidogo kwa katikati ya tairi. Ukikata kulia kwenye makutano unachora upinde mrefu kuliko ukikata kushoto, na ukizunguka kipilefti unalala kulia.

Akainama, akapitisha kidole kutoka bega moja hadi lingine, akarudia. "Limekula kulia kweli," akasema, na mwenzake naye akainama kuangalia la kwake. Mama mmoja mwenye mabegi mawili akaita kutoka ng'ambo ya barabara, anakwenda Ihumwa. Kijana akapanda, akapiga kiki, akaondoka na kipara chake vilevile.