Paini, mchwa na dawa: yanayosemwa Keko, Dar es Salaam, na ukweli wake

"Paini inanukia dawa, mchwa hawaigusi."
Harufu ile ni ya utomvu, na hupotea mbao zikikauka. Kinga ya msonobari, yaani paini, ni kitu kingine: kemikali ya jamii ya fenoli iitwayo pinosilvini, ambayo mti hujitengenezea wenyewe ili kuvu wasiuozeshe. Mkemia wa Sweden, Holger Erdtman, aliitambua mwaka 1939 kwenye kiini cha msonobari, yaani mbao ya katikati ya shina. Mizizi nayo haiachwi hivihivi. Kuvu wakiingia, mti huirundika pinosilvini pembezoni mwa kidonda kuwazuia wasisonge mbele. Mimi hili hunistaajabisha kila ninapolifikiria.

"Basi paini yoyote ina kinga."
Hapana. Kiini huja na umri. Mti uliokatwa ukiwa mchanga ni weupe karibu mtupu, yaani mbao ya nje inayozunguka kiini, na weupe hauna pinosilvini ya kutegemea. Ubao wa namna hiyo ukiupeleka kwenye kenchi bila dawa, kwa unyevu huu wa Dar na mchwa wetu, umewaandalia chakula.

"Ubao ukiwa wa kijani, umeiva dawa."
Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Ukijani hutokana na shaba, na unaweza kuwa wa juujuu tu. Mwombe muuzaji akate kichwa cha ubao mmoja mbele yako. Ukiona kijani ukingoni na katikati pameupe, dawa haikuzama. Fundi naye akishakata mbao kwa vipimo vyake, kila kichwa kipya kipakwe dawa kabla ya kupigiliwa, maana hapo ndipo mlango ulipofunguliwa.

"Mizizi ya paini ikichemshwa ni tiba."
Pinosilvini huzuia bakteria na kuvu maabara. Hilo haliifanyi kuwa dawa ya kunywa.

"Vipande vilivyobaki ni kuni tu."
Hili ndilo linaloniuma zaidi. Dawa inayotumika sana kwenye mbao za kijani ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Marekani iliachana nayo kwa mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Ukizichoma, aseniki hutoka na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu. Mama lishe anayepewa vipande hivyo bure huvuta moshi huo siku nzima, mara nyingi na mtoto mgongoni. Fundi, usimpe. Na majivu yake yasimwagwe kwenye tuta la mchicha.